Bibi anapokwenda hija Yerusalemu, begi la dawa lipangwe kwanza

Tangazo husomwa mwishoni mwa ibada: kikundi kinakwenda hija Yerusalemu, Bethlehemu na Mlima Sinai, wanaotaka waanze kuweka akiba. Chukua mfano wa bibi wa miaka 68 anayejiandikisha siku hiyo hiyo. Watoto wanachanga nauli, wajukuu wanashangilia. Jambo moja halisemwi. Bibi ana presha na sukari, na kiongozi wa safari alipouliza, alijibu kwamba yeye ni mzima kabisa.

Anaficha kwa sababu anaogopa kuachwa. Kumbe kiongozi akijua mapema, anaweza kumpangia kiti cha mbele kwenye basi, mtu wa kulala naye chumba kimoja na siku ya kupumzika. Asipojua, atajua siku bibi anapoanguka.

Hivyo kazi ya kwanza ya familia ni mazungumzo. Kaeni na mzazi, mpitie ratiba siku kwa siku. Mlima Sinai una urefu wa mita 2,285. Mahujaji wengi huanza kupanda usiku ili wafike kileleni alfajiri, na hata anayepanda ngamia hulazimika kumalizia ngazi zipatazo 750 kwa miguu. Mwenye moyo dhaifu au magoti mabovu anaweza kubaki chini, kwenye monasteri ya Mtakatifu Katerina, akawaombea wenzake. Hajapungukiwa na hija.

Yerusalemu nako ni kutembea. Njia ya kushuka kutoka Mlima wa Mizeituni ni mteremko mkali, na ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, ngazi za kupanda Golgota ni za mawe na zimesimama. Huko Bethlehemu, mlango wa Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu una urefu wa mita 1.2 hivi, lazima kuinama. Mzazi aanze mazoezi ya kutembea angalau miezi miwili kabla, na viatu avivae nyumbani mpaka vizoee mguu.

Aende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya safari. Aulizie chanjo ya homa ya manjano mapema, kwa kuwa cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Aliyechanjwa zamani asikimbilie kuchanja tena, kwani tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote. Mwenye miaka 60 na kuendelea ambaye hajawahi kuchanjwa azungumze na daktari kwanza, maana kwa umri huo madhara makubwa ya chanjo hiyo, ingawa ni nadra, huongezeka.

Dawa zibebwe kwenye begi la mkononi, zikiwa kwenye paketi zake, pamoja na barua ya daktari. Ziongezwe za siku kadhaa, ndege huchelewa. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege, inaweza kuganda na kuharibika. Saa za kumeza dawa hazina shida kubwa: Yerusalemu na Afrika Mashariki hulingana saa wakati wa kiangazi cha huko, na hupishana saa moja tu wakati wa baridi.

Kwa wanaopitia Misri, tahadhari na vidonge vya maumivu. Tramadol inadhibitiwa vikali nchini humo. Mwaka 2017 mtalii kutoka Uingereza alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kuingia nayo. Mzazi asipokee vidonge vya jirani "vya kusaidia mgongo", wala asibebe mzigo wa dawa wa mtu mwingine.

Kuna mambo matatu ambayo wazee hufanya kimyakimya. La kwanza, kuacha kunywa maji au kuruka dawa ya kukojoa ili wasisumbue basi lisimame. Yeriko na Bahari ya Chumvi, iliyo zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, huwa na joto kali. Mwili ukikauka, kizunguzungu hakiko mbali. La pili, kufunga. Mwenye sukari asifunge bila ushauri wa daktari wake. La tatu, kutupa dawa baada ya kuzamishwa mtoni Yordani. Imani ya mzazi iheshimiwe, lakini aombwe aendelee na dawa mpaka vipimo vya kliniki vionyeshe vinginevyo. Presha inaweza kupanda bila dalili yoyote, na mwisho wake ukawa kiharusi.

Kabla ya kulipa salio, ulizeni bima ya safari inahudumia ugonjwa ambao mtu alikuwa nao tangu mwanzo au la. Ulizeni pia nani kwenye kikundi ana ujuzi wa tiba, na kama fedha hurudishwa safari ikiahirishwa kwa sababu za usalama.

Siku ya kuondoka, andika kwenye karatasi moja jina la mzazi, maradhi yake, dawa na vipimo vyake, na namba mbili za simu za nyumbani. Nakala moja iwe kwenye pasipoti yake, nyingine kwa kiongozi. Bibi akiona kwamba amesema ukweli na bado jina lake limo kwenye orodha, atapanda ndege bila siri.