Kuongeza Mkataba Vita Vikiendelea

Ni wepesi mno wa kuhukumu wale wasemao kwamba askari anayeongeza muda wa utumishi, hali vita vingali vikiendelea, ameghilibiwa na tamaa ya mshahara. Kwani sisi wakazi wa Kericho na Bomet, ambao tangu Oktoba 2011 tumewaona vijana wetu wakivuka mpaka kwenda Somalia, na ambao tuliyasikia majina ya kambi za El Adde, iliyoshambuliwa Januari 2016, na Kulbiyow, iliyoshambuliwa Januari 2017, kabla ya kujua hata mahali zilipo, twafahamu kwamba shauri hilo hukatwa jikoni, mbele ya mama aliyerejea kutoka kituo cha majani chai na risiti ya kilo zake mkononi, akiingojea bonasi ambayo huku kwetu aghalabu huwa haba kuliko ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa. Katika mashamba makubwa nako mashine zimetwaa kazi ya wachumaji (ghadhabu yao ilidhihiri Mei 2023, zilipotiwa moto). Binamu yangu, naye askari, alitia saini tena. Mkewe hakumsemesha kutwa nzima, kisha akampigia pasi sare. Mimi ningalimshauri abaki nyumbani, walakini sikuwa na kibarua cha kumpa.