Tunza Gari la Ng'ombe: Bushi Iliyolika

Ndugu mkulima, litikise gurudumu la gari lako la ng'ombe. Likichezacheza, bushi ya mti imelika. Usingoje mavuno. Ekseli nayo italika, na chuma ni ghali.

Shusha mzigo. Fungua ng'ombe. Zuia gurudumu la pili kwa mawe. Inua gari, liegemeze juu ya gogo imara. Mtu asiingie chini.

Chonga bushi mpya kwa mti mgumu, mkavu. Toboa tundu la kuingia ekseli bila kulegea. Ichemshe katika oili, nje ya nyumba, kwa moto mdogo, mpaka mapovu yaishe. Iache ipoe humo humo. Ndipo mti hunywa oili.

Watoto wakae mbali. Oili ikishika moto, usimwagie maji. Funika kwa bati.

Kila mwezi tikisa magurudumu tena.