Taa ya Dagaa na Taa ya Daftari



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili nisameheni, kwani nakusudia kugombana nanyi kidogo.

Mwezi Machi 2023 Serikali iliposimamisha huduma ya bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, nilisikia wazazi hapa Mwanza wakilalamika: "Sasa nani atamsimamia mtoto masomo yake?" Swali hilo lilinishtua kuliko waraka wenyewe. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Mwalimu ni msaidizi. Bweni ni msaidizi. Tuisheni ya jioni nayo ni msaidizi tu.

Nazijua hoja zenu. Ya kwanza: "Padre, mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Hakuna aliyekuomba ukokotoe hesabu. Unaombwa utenge saa moja kila jioni, uzime redio na runinga, simu uiweke kando, kisha uketi karibu naye. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mwambie basi akusomee kwa sauti aliyojifunza leo. Asiyejua kusoma ana masikio. Fungua na daftari: ukurasa mtupu huonekana hata kwa asiyejua herufi.

Ya pili: "Hali ni ngumu." Ni kweli. Ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini umaskini haukuondoka nayo. Nawafahamu akina mama wanaoanika dagaa tangu alfajiri, na watoto wanaochota maji kabla ya kengele ya shule. Siwadharau hata kidogo. Lakini simameni Igombe au Kayenze usiku usio na mbalamwezi, mlitazame ziwa: taa za wavuvi zimetanda majini kama mji mwingine. Hakuna mvuvi asemaye kwamba hali ni ngumu, hivyo leo ataenda gizani. Je, sisi tunaojua kuwasha taa ili kumvuta dagaa, tutashindwa kuwasha moja kwa ajili ya daftari?

Ya tatu hamuisemi, ila naiona. Kaka ameketi na daftari, dada anaosha vyombo hadi usingizi umchukue. Akifeli, twasema hana akili. Huo ni uonevu. Gaweni kazi za nyumbani kwa usawa.

Wala msidhani fimbo ni dawa. Mtoto achapwaye juu ya daftari hujifunza kulichukia daftari.

Mwinjili Luka asimulia kwamba Yesu alionekana hekaluni katikati ya waalimu. Lakini hakubaki huko. Alishuka na wazazi wake hadi Nazareti, akawatii, akaendelea katika hekima na kimo. Hekima ile ilikulia nyumbani.

Mtasema Padre hana mtoto. Sawa. Lakini matokeo ya darasa la saba yakitoka, mlango mnaobisha mkiomba ada ya shule binafsi ni wangu. Afadhali mnikasirikie leo kuliko tulie pamoja siku ile. Samaki mkunje angali mbichi.

Anzeni Jumatatu, hata kwa nusu saa. Mungu azibariki kaya zenu.

Paroko wenu