Ua la Valentine Likiwa na Stika ya Fairtrade, Msee wa Naivasha Anapata Ngapi?

Wewe Februari unapanga venye utamsurprise dem wako na waridi. Huko Naivasha nako kuna mbogi, wengi wao akina mama, inakata na kufunga hizo waridi ndio zipande ndege JKIA ziende Ulaya. Zikifika duka za Uingereza au Ujerumani, zingine zinabandikwa stika ya Fairtrade. Mnunuzi anaiona, roho yake inatulia, analipa.

Sasa hiyo stika inafanya nini? Rada ni hii: juu ya bei ya maua kuna nyongeza ya asilimia 10. Tuseme waridi limetoka hapa na bei ya bob 30, nyongeza ni bob 3. Hiyo doh si ya mdosi wa shamba. Inaingia kapu moja, na kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi ndiyo inaamua itafanya kazi gani. Karo ya watoto, maji, kliniki, vitu kama hizo. Hiyo si mchezo kwa mzazi ambaye mtoto angetumwa nyumbani.

Lakini usidanganyike, kuna mambo mawili.

Kwanza, shamba kuwa na cheti haimaanishi kila ua linaleta hiyo 10. Nyongeza inalipwa tu kwa maua yaliyouzwa kama Fairtrade. Yale mengine ya shamba hilo hilo yakiuzwa soko la kawaida, kapu halioni kitu.

Pili, karo si mshahara. Mtoto anaweza kulipiwa shule na mamake bado anakopa unga dukani tarehe 20. Mshahara unapiganiwa kwa meza ingine, pale chama cha wafanyakazi, KPAWU, kinapokaa chini na waajiri. Na supermarket za majuu zikizidi kubana bei, hata hiyo meza inakuwa na chapaa kidogo ya kugawana.

Kwa hivyo stika si uongo, na pia si dawa ya kila kitu. Kama uko na cuzo majuu, mshow achague maua yenye stika, juu bila mnunuzi kapu linabaki tupu. Na wewe ukinunua waridi pale City Market, hakuna stika ya kukutuliza roho. Uliza tu limetoka shamba gani, na watu wa huko wanalipwa aje.

Ama wewe huwa unauliza bei pekee?