Zabibu Kwenye Chai ya Embu
Waayalandi wana mkate wa zabibu kavu uitwao barmbrack, unaoliwa jioni ya 31 Oktoba ukiwa na pete iliyofichwa ndani: inaaminika atakayeipata ataoa au kuolewa kabla mwaka haujapita. Zabibu zake mara nyingi hulowekwa kwenye chai, na chai tunayo! Nililaza zabibu usiku kucha kwenye chai ya rangi kutoka kiwanda cha Mungania hapa Embu. Asubuhi zilikuwa zimevimba, nyeusi, zinang'aa kama macho ya panya. Unga wa keki, sukari, yai moja, sufuria ikafunikwa: makaa kidogo chini, mengi juu ya kifuniko. Upande mmoja uliungua. Safari ijayo nitatia maembe makavu ya Mbeere. Pete sikuweka, maana nyanya yangu amebakiwa na meno matatu tu.