Mpira Uachwe Uzeeke

Tarehe 23 Oktoba 2024, kwenye uwanja wa Ruaraka jijini Nairobi, Zimbabwe iliirundikia Gambia mikimbio 344 katika ova 20. Sikandar Raza peke yake alipata 133 kwa mipira 43, na hakutolewa. Zamu ya Gambia ilipofika, wote waliishia 54. Hakuna timu ya taifa ya wanaume iliyokuwa imewahi kufikisha 344 katika mechi ya kimataifa ya T20, na rekodi hiyo ikaandikwa kwetu.

Gambia bado ni wachanga katika kriketi, na hakuna sheria ambayo ingewaokoa siku ile. Hata hivyo, jumla ya namna hiyo inatulazimisha kuuliza swali linalowagawa wanakriketi duniani: je, kanuni za mchezo zimembeba mpigaji kiasi kwamba mrushaji amebaki kuwa mtu wa kumtengea tu?

Katika mechi za ova 50, walalamikaji wamekuwa wakinyooshea kidole uamuzi wa mwaka 2011. Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) liliagiza itumike mipira miwili mipya, mmoja kila upande wa pichi. Sababu haikuwa mbaya: mpira mweupe huchakaa na kuchafuka haraka, na chini ya taa mpigaji huuona kwa shida. Lakini kwa hesabu hiyo, hadi mechi inakwisha kila mpira ulikuwa umetumika ova 25 tu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na kidonda kilikuwa cha mrushaji.

Tuutazame mpira wenyewe. Ukiwa mpya, ngozi yake inang'aa, mshono umesimama na ni mgumu kama jiwe. Mrushaji wa kasi huupinda hewani katika ova za mwanzo, lakini ukishindwa kupinda, ugumu huohuo humfaa mpigaji: akiugusa vizuri, unaruka. Ukizeeka, hulegea na hauendi mbali kirahisi. Mrushaji wa mzunguko huukamata vyema vidoleni. Wachezaji huuacha upande mmoja uchubuke, wakaung'arisha wa pili kwa suruali na jasho, kwa kuwa mate yamepigwa marufuku tangu wakati wa Uviko-19. Ukitunzwa hivyo, hufika wakati ukaanza kupinda kinyume na mpigaji anavyotarajia. Ufundi huo unahitaji muda, na muda ndio ulioondolewa mwaka 2011.

Mwaka 2025 ICC ikarudi nyuma nusu hatua. Mipira miwili hutumika hadi ova ya 34. Kisha timu inayorusha huchagua mmoja na kuutumia hadi mwisho. Mpira huo humaliza kazi ukiwa na ova 33. Ova nane za ziada si nyingi, lakini zinaangukia palepale mpigaji alipozoea kujipakulia.

Wanaopinga wana hoja zao, na moja ina uzito. Mwaka 2006 huko Johannesburg, Australia ilipata 434 na Afrika Kusini ikaifikia kwa 438, miaka mitano kabla ya kanuni ya mipira miwili. Hapa Nairobi, Oktoba 1996, Shahid Afridi alifikisha mikimbio 100 dhidi ya Sri Lanka kwa mipira 37 tu. Mwenyewe amesimulia kwamba gongo alilotumia lilikuwa la Sachin Tendulkar, na aliyempa ni Waqar Younis: mrushaji ndiye aliyempa mpigaji silaha! Basi mipira miwili haikuzaa tatizo. Imelinenepesha.

Wapo wanaotaka gongo ndilo lipunguzwe. Vita hivyo ni vya kale. Mwaka 1771 Mwingereza Thomas White aliingia uwanjani na gongo pana kama wiketi zenyewe, na haukupita muda upana ukawekewa kikomo. Mwaka 2017 kingo nazo zikawekewa kikomo cha milimita 40. Naona panatosha. Mpigaji wa leo hufanya mazoezi ya nguvu na ya kupiga mbali. Ukimnyang'anya milimita mbili atazirudisha kwa misuli. Palipobaki kazi ni kwenye pichi na kamba ya mpaka. Kanuni huruhusu mpaka uwe kati ya yadi 65 na 90, na mwamba ngoma huvutia kwake: anayeuza matangazo hapendi kamba iende mbali.

Atauliza mtu, mtazamaji hakulipia kuona mipigo ya mikimbio sita? Tukumbuke New York, Juni 2024. Katika Kombe la Dunia la T20, India ilitolewa kwa 119, na Pakistan ikashindwa kuzifikia kwa mikimbio sita. Watu walikaa ukingoni mwa viti hadi ova ya mwisho. Nakiri kwamba pichi ile ilizidisha: mpira uliruka ovyo, ukahatarisha hata miili ya wapigaji. Usawa si kumgeuzia mpigaji dhuluma aliyokuwa akitendewa mrushaji.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya pekee ya kulisemea jambo hili. Timu zetu hazijawahi kuitikisa dunia kwa kupiga. Februari 1996, mjini Pune, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, lakini West Indies wakaishia 93; Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. Mwaka 2003 Collins Obuya aliizungusha Sri Lanka hapa Nairobi, wiketi tano kwa 24. Katika Kombe la Dunia la T20 la 2024, Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na miaka 43, alirusha ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea na kutoa mikimbio minne tu. Ni kweli kwamba katika mashindano hayohayo West Indies waliitoa Uganda kwa 39. Makali ya mpira hukata pande zote. Lakini mchezo ukiwa shindano la kupiga sita tupu, mwenye misuli na fedha nyingi hushinda karibu kila siku. Mpira ukiwa na la kusema, mnyonge ana siku yake.

Kwa hiyo kanuni ya 2025 ibaki, na hatua inayofuata iwe ya mpira mmoja kwa ova zote 50, ukibadilishwa pale tu waamuzi wanapoona hauonekani tena. Nao wanaotengeneza pichi za Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam wasione fahari kuzilaza ziwe kama lami. Pale Pune, 166 zilitosha.