Kiangazi Hakikuumbwa kwa Maboksi Peke Yake



Kila ikifika Mei, simu huanza kulia majumbani mwetu hapa Marekani. Mjomba ana nafasi ghalani, shangazi anajua nyumba ya wazee inayotafuta watu wa zamu ya usiku, na kijana anayesoma kemia chuoni keshapangiwa likizo yake yote kabla hajamaliza mitihani. Hakuna anayemwuliza kama ameomba nafasi ya utafiti. Akiitaja mwenyewe, huambiwa: "Mchumia juani hulia kivulini. Utafiti utalipa kodi ya nyumba?"

Tunajibu: mara nyingi utalipa. Tena waliomziba kijana huyo njia ni sisi wenyewe.

Kubeba maboksi si aibu. Maboksi yametusomesha, yamejenga nyumba Tanga na kulipa ada Bukavu. Tunachopinga ni kijana wa sayansi kubeba maboksi viangazi vyote, halafu tushangae anapokosa nafasi ya uzamivu. Wanaochagua wanafunzi wa uzamivu hawatazami alama tu. Hutaka kujua kama umewahi kufanya utafiti, na ni nani aliyekuona jaribio likikushinda ukalirudia. Barua ya bosi wa ghala, hata iwe nzuri vipi, haijibu swali hilo.

Tangu mwaka 1987 shirika la taifa la sayansi la Marekani, NSF, linagharimia programu ziitwazo REU. Mwanafunzi hupewa mradi na msimamizi, mara nyingi katika chuo kisicho chake, kwa wiki kama 8 hadi 10. Hulipwa posho, miongozo ya miaka ya karibuni imetaja kiasi cha dola 600 hadi 700 kwa wiki. Programu nyingi huongeza malazi, na baadhi nauli. Zaidi ya hayo, waendeshaji hutakiwa kutafuta wanafunzi kutoka vyuo visivyo na utafiti mwingi, vikiwemo vyuo vya miaka miwili, vile vile wanavyosoma watoto wetu wengi. Mwaka 2025 baadhi ya programu hizo zilifutwa kwa misukosuko ya bajeti. Basi na tuombe nyingi, na mapema.

Makaratasi nayo yana neno lake. REU ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu. Mwenye viza ya F-1 asikunje mkeka: anaruhusiwa kufanya kazi katika maabara ya chuo chake, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zaidi wakati wa likizo. Programu ya RISE ya Ujerumani imekuwa ikiangalia nchi unayosoma kuliko pasi unayoshika. CERN, kule Geneva, hupokea wanafunzi wa fizikia, kompyuta na uhandisi hata kutoka nchi zisizo wanachama. Ila kabla ya kusaini chochote, aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Sasa tuseme makosa yetu.

La kwanza, tunachelewa. Programu nyingi hufunga maombi kati ya Januari na Machi, nyingine hata Desemba. Anayeamka Mei amekuta sahani zimeshaoshwa.

La pili ni haya. Tumelelewa tusimsumbue mwalimu, na adabu hiyo tumeibeba hadi huku. Lakini maprofesa wa hapa hutenga saa za kuonana na wanafunzi, na asiyekwenda huonekana hana haja. Maombi hudai barua za walimu. Mwalimu asiyekujua hata jina atakuandikia nini? Nenda. Soma makala yake moja, mwandikie barua fupi ya kusema ni swali gani limekuvutia, ambatanisha alama zako. Asipojibu, mkumbushe baada ya wiki. Huko si kukosa adabu.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi: tunakalia habari. Wako miongoni mwetu wenye shahada za uzamivu, wanaofanya kazi maabara. Tunakaa nao kwenye pilau la Idi, tunazungumza siasa za nyumbani hadi usiku, na kijana wa biolojia anapita na sinia la soda bila kuulizwa anasoma nini.

Jumuiya zetu huchangia harusi na misiba, na ni vyema. Basi zichangie pia nauli ya mwanafunzi mmoja kwenda maabara iliyomkubali. Kila jumuiya iwe na orodha ya wanasayansi wake walio tayari kusoma barua ya maombi kabla haijatumwa. Na kila Oktoba, kabla ya mjomba kupiga simu ya ghala, mzazi amwulize mwanawe: "Mwanangu, umeomba wapi?"

Swali hilo halina gharama. Kutoliuliza ndiko kunakotugharimu.